Bayeye, wacheza nyoka wa Usukuma: kipi kilikuwa mchezo, kipi kilikuwa ujuzi?

Wakaaji wengi wa mashariki ya Kongo wamekwisha kuona ao kusikia habari ya mtu anayeshika nyoka kwa mikono mbele ya watu. Mara ni muuza dawa sokoni, na nyoka wake ndani ya sanduku. Mara ni mzee wa kijiji mwenye kusemekana kwamba nyoka hawezi kumuluma. Watu wanazunguka, wanashangaa, kiisha wanajiuliza: huyu mtu ana dawa kweli, ao anatudanganya?

Ili tupate jibu, tuangalie kabila moja ambako hii kazi ilikuwa na chama chake, shule yake na siri zake: Wasukuma wa Tanzania. Ni jirani zetu. Ukivuka ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, ukapanda gari-moshi kupita Tabora, utafika Mwanza, kwenye ziwa Victoria, katikati ya Usukuma. Ndugu zao Wanyamwezi wanakaa upande wa Tabora, na wao vilevile walikuwa na vyama vya watu wa nyoka.

Bayeye ni nani?

Huko Usukuma, vyama vya ngoma vilikuwa jambo kubwa sana tangu karne ya 19. Kulikuwa vyama vya kulima pamoja, vya kuwinda nungunungu, na vya nyoka. Vile vya nyoka vilikuwa viwili vyenye kujulikana zaidi: Bayeye na Bagoyangi. Chama cha kwanza kinaitwa Buyeye, na memba wake njo Bayeye.

Ndugu zetu wa Haut-Katanga wasichanganye haya majina. Bayeye siyo Bayeke. Bayeke wa Bunkeya, watu wa Mfalme Msiri, walitoka kweli upande ule wa Unyamwezi na Usumbwa, na jina lao linatokana na chama cha wawindaji wa tembo. Bayeye wao ni watu wa nyoka. Lakini majina yote mawili yanaonyesha kitu kimoja: katika sehemu ile, kazi ya hatari haikuachiwa mtu mmoja. Iliwekwa mikononi mwa chama, chenye wakubwa na wadogo, chenye malipo ya kuingia na sheria ya kufunga kinywa.

Kazi ya Bayeye ilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza, kukamata nyoka: kuwatoa mashimoni, mashambani na ndani ya nyumba za watu. Ya pili, kutibu mtu aliyelumwa. Ya tatu, kucheza ngoma na nyoka mbele ya watu. Mgeni aliona ile ya tatu tu. Lakini kwa chama chenyewe, ngoma ilikuwa sawa tangazo. Watu wakiona kijana anamushika nyoka mwenye sumu bila kuogopa, siku mtoto wao atakapolumwa watajua ni kwa nani wakimbilie.

Uwanja wa mashindano

Ngoma za Usukuma zilichezwa zaidi kisha mavuno, kuanzia mwezi wa sita, wakati chakula kiko ghalani na watu wana nafasi. Mashindano yalifanyika hivi: vikundi viwili vinacheza saa moja, uwanja mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna jaji wa kukaa kwenye kiti. Watu wenyewe wanahama. Kikundi kinachovuta watu wengi njo kimeshinda.

Kuna pande mbili kubwa za wachezaji zenye kushindana mpaka leo, Bagika na Bagalu. Wote wanaeleza kwamba walianza na watu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa waganga na wachezaji wenye kupingana.

Ndani ya mashindano ya namna hii utaelewa kwa nini nyoka alikuwa na faida. Kikundi kikiona watu wanakimbilia upande wa pili, manju, ni kusema kiongozi wa wimbo, anahitaji jambo la kuwarudisha. Chatu mkubwa akitolewa na kuzungushwa shingoni, uwanja mzima unageuka.

Chatu, ambaye wengi kwetu wanamuita boa, njo nyoka wa ngoma kupita wengine. Ni mkubwa, anaonekana toka mbali, na hana sumu. Meno yake yanaweza kupasua ngozi, na nguvu zake zinaweza kumukaza mtu vibaya, lakini mchezaji mwenye kumuzoea anajua namna ya kumubeba. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya siri ni hii: nyoka anayetisha watu zaidi siye mwenye kuua zaidi. Kifutu, nyoka mfupi, mnene, mwenye kulala njiani kama kipande cha mti, anatisha kidogo tu. Walakini yeye ni kati ya nyoka wanaoumiza watu wengi sana katika Afrika.

Wageni walioandika habari zao

Habari nyingi za hivi vyama tunazo kwa sababu ya watu wawili waliozifuata katika miaka ya ukoloni wa Waingereza.

Wa kwanza ni Mmarekani F. G. Carnochan. Alifika Tanganyika mwaka 1926, pamoja na msafara wa kutafuta wanyama hai kwa ajili ya bustani ya wanyama ya Washington. Kisha alirudi kati ya Wanyamwezi, akaingia karibu na chama chao cha nyoka, na mwaka 1935 akatoa kitabu juu yake. Ni kitabu cha mtu aliyependa hadithi za ajabu, inafaa kukisoma kwa uangalifu.

Wa pili ni Hans Cory, mzaliwa wa Austria, aliyetumikia serikali ya Tanganyika kama mtaalamu wa desturi za wenyeji. Mwaka 1946 alichapisha makala ndefu juu ya Buyeye. Mwaka 1953 akatoa kitabu kizima juu ya picha ambazo watu wa nyoka walichora kwenye kuta za nyumba zao. Ndani ya picha hizo kuna nyoka, kuna watu, kuna alama ambazo memba tu ndiye anaelewa maana yake. Kuta zilikuwa sawa ubao wa darasa: mwanafunzi anafundishwa wimbo na habari mbele ya picha.

Mtu mwingine wa kutajwa ni Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Katika miaka ya 1950 alianzisha makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, karibu na mji wa Mwanza. Ngoma ambazo wamisionari wengine waliita kazi ya shetani, yeye alizileta uwanjani, kwenye sikukuu ya Bulabo ya mwezi wa sita. Mpaka leo, mtu akienda Bujora anaweza kuona ngoma ya chatu.

Ujuzi wa kweli

Sasa tufike kwenye swali letu. Ndani ya kazi ya Bayeye, nini kilikuwa ujuzi wa kweli?

Kwanza ni macho. Mtu wa nyoka alijua kutofautisha aina: huyu anatema mate ya sumu, huyu anakimbia, huyu hasogei hata ukimkaribia. Alijua saa zao, mashimo yao, na chakula chao. Alijua kwamba panya wakijaa ghalani, nyoka atawafuata. Ujuzi huo hauna uchawi, lakini unaokoa maisha.

Pili ni mikono. Nyoka halumi ovyo ovyo. Kwake sumu ni mali, ni ya kuulia chakula. Akimuluma mtu ni kwa kujikinga, kwa sababu amekanyagwa, amebanwa ao ameshtushwa. Mwenye kumushika polepole, bila kumubana, bila kumutikisa, anapunguza hatari. Nyoka aliyekaa siku nyingi na watu anazoea, na aliyechoka ao kupata baridi anakuwa mzito. Mchezaji anajua kuchagua saa na nyoka.

Wengi wanafikiri nyoka anacheza muziki. Hapana. Nyoka hana masikio ya inje kama yetu. Anasikia zaidi mtetemo wa udongo na sauti nzito kiasi. Swila akisimama na kupanua shingo, anafuata mwendo wa mkono ao kitambaa cha mchezaji. Anajihami tu. Ngoma ni kwa ajili yetu sisi watu.

Inafaa pia tuseme wazi kwamba katika nchi nyingi za mchezo wa nyoka, kama India, Misri na Moroko, wachezaji wengi walikuwa waking'oa meno ya sumu ao kushona kinywa cha nyoka. Hata hapo hatari haiishi, sababu meno ya sumu yanaota tena.

Sehemu iliyobaki gizani

Kiisha kuna dawa. Memba wa vyama hivi walichanjwa: ngozi inakatwa chale ndogo, dawa inapakwa. Inasemekana ndani ya dawa mara nyingine kulitiwa kichwa cha nyoka kilichochomwa, ao sumu iliyokaushwa. Aliyechanjwa aliambiwa kwamba nyoka atamuogopa, ao kwamba sumu haitamuua.

Je, mwili unaweza kuzoea sumu? Jibu ni ndiyo kidogo, na hapa njo watu wengi wanapotelea. Mmarekani Bill Haast, aliyekuwa akionyesha nyoka kwa watalii huko Florida, alianza mwaka 1948 kujipiga shindano za sumu kidogo kidogo. Alilumwa zaidi ya mara 170, na alikufa mwaka 2011 akiwa na miaka 100. Lakini Haast aliendelea na shindano miaka na miaka, kwa kipimo, na vidole vyake viliharibika vibaya. Kinga ya namna hiyo ni ya sumu ya nyoka wale tu ambao mwili umezoea, na mtu akiacha inapungua. Chale moja ya siku moja, yenye unga uliochomwa motoni, haiwezi kufanya kazi hiyo.

Basi kwa nini watu waliotibiwa na mganga wa nyoka walipona? Kuna sababu tatu, na kila mkaaji wa kijiji anapaswa kuzijua.

Ya kwanza: nyoka wengi hawana sumu ya kuua mtu. Aliyelumwa na nyoka wa namna hiyo atapona hata kwa maji ya chumvi.

Ya pili: hata nyoka mwenye sumu mara nyingi analuma bila kuingiza sumu, ao anaingiza kidogo. Mtu anaona alama za meno, anaogopa, anapewa dawa, anapona. Sifa inaenda kwa dawa.

Ya tatu: waliokufa hawasimuliwi uwanjani.

Jambo hilihili linagusa jiwe jeusi, pierre noire, ambalo familia nyingi kwetu zinalo kabatini. Lilisambazwa sana na wamisionari. Ni kipande cha mfupa wa ngombe uliochomwa. Linanata kwenye kidonda sababu linanyonya maji na damu ya juu. Sumu iliyokwisha kuingia ndani ya nyama na damu hailifuati. Uchunguzi uliofanywa juu yake haukuonyesha kwamba linaponya.

Ujuzi peke yake haukingi

Mtu anaweza kusema: basi wasomi wao ni salama. Hapana. Kati ya mwaka 1909 na 1915, Herbert Lang na James Chapin walikusanya wanyama kaskazini-mashariki ya Kongo kwa ajili ya makumbusho ya New York. Nyoka wao waliandikwa na Karl P. Schmidt, katika kazi kubwa iliyotoka mwaka 1923. Alikuwa kati ya watu wenye kujua nyoka zaidi duniani.

Tarehe 25 mwezi wa 9 mwaka 1957, akiwa Chicago, Schmidt alishika nyoka mdogo wa miti wa aina ya boomslang, aina ambayo iko hata mu Kivu. Nyoka akamuluma kwenye kidole gumba. Schmidt aliona ni kidogo tu. Akarudi nyumbani, akaandika saa kwa saa yale mwili wake ulisikia: homa, damu kwenye fizi. Kesho yake, 26, alikufa. Sumu ya nyoka huyo inazuia damu kuganda, na inafanya kazi polepole, mpaka mtu anafikiri amepona.

Mfano mwingine ni C. J. P. Ionides, Mwingereza aliyezaliwa 1901 na kufa 1968, mlinzi wa wanyama kusini ya Tanganyika, upande wa Liwale na Newala. Alikamata nyoka maelfu, akiwemo koboko, kwa kutumia koleo refu. Aliwatuma hai kwa bustani za wanyama na kwa wachunguzi. Hakujidai kuwa na dawa ya kumulinda, na alilumwa mara nyingi.

Watu wa namna ya Ionides wanatuonyesha njia ambayo ujuzi wa kushika nyoka umechukua: kutoka uwanja wa ngoma mpaka chumba cha kutengenezea dawa. Dawa ya kweli dhidi ya sumu ilipatikana mwaka 1894 huko Ufaransa, na Albert Calmette ni kati ya walioivumbua. Inatengenezwa hivi: sumu inakamuliwa kwa nyoka hai, farasi anapigwa shindano kidogo kidogo mpaka damu yake inajenga kinga, kiisha kinga hiyo inatolewa na kusafishwa. Bila mtu wa kushika nyoka, hakuna dawa.

Seromu ya nyoka si maji ya mushipa

Dawa hii inaitwa seromu ya nyoka. Hapa tuwe waangalifu, sababu kwetu watu wanaita seromu pia yale maji yanayopitishwa kwenye mushipa mgonjwa akiwa mudhaifu. Ni vitu viwili tofauti. Mtu akitundikiwa chupa ya maji, asifikiri amepata dawa ya nyoka. Familia iulize waziwazi: je, hii ni seromu dhidi ya sumu?

Tena si kila kituo kinayo. Ni ya bei kali, na nyingi inahitaji baridi. Moja iliyotumika sana katika Afrika, FAV-Afrique, kampuni ya Sanofi iliacha kuitengeneza mwaka 2014, na chupa za mwisho zilipita muda mwaka 2016. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani, OMS, liliweka kulumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81 000 na 138 000 wanakufa duniani, na wengine wengi zaidi wanabaki bila mguu, mkono ao jicho. Wengi ni wakulima na watoto, watu wa kutembea bila viatu.

Kwa sababu seromu ni shida kupata, saa za kwanza zina thamani kubwa. Mtu aliyelumwa na koboko anaweza kukosa pumzi ndani ya saa chache. Saa mbili kwa mganga, saa moja kutafuta jiwe, saa mbili kungoja pikipiki: njo namna watu wanakufa.

Ya kufanya mtu akilumwa

Muondoe karibu na nyoka. Msimufukuze nyoka ili kumuua, sababu mtu wa pili analumwa pale pale. Mkiweza kukumbuka rangi na umbo lake, inatosha. Kama simu iko karibu, picha ya kutoka mbali inasaidia.

Mutulize. Akae ao alale, asitembee kwa miguu. Mguu ao mkono uliolumwa mfunge na kipande cha mti kama aliyevunjika mfupa, usitikisike. Toeni pete, bangili, saa na viatu, sababu kuvimba kunakuja.

Msikaze kamba juu ya kidonda. Kamba inazuia damu, nyama inakufa, na kuna watu waliokatwa mguu kwa ajili ya kamba. Msikate na wembe, msinyonye, msichome, msipake mafuta ya gari, msimupe pombe.

Kwenye pikipiki, mgonjwa akae katikati, kati ya dereva na mtu wa kumushika. Akitapika, alale upande. Akianza kufumba macho bila kupenda, kusema kwa shida ao kutoka damu kwenye fizi, mwambieni muuguzi mara moja.

Swila akitema mate ndani ya macho, osheni na maji mengi safi, muda wa robo saa ao zaidi, kiisha mwende hospitali. Msitie dawa ya majani.

Jioni tumieni taa njiani, vaeni viatu vya kufunika mguu mkienda shambani, laleni chini ya chandarua iliyofungwa vizuri, ondoeni panya na takataka karibu na nyumba.

Wazee wa nyoka wana nafasi yao

Kusema hivi si kuwadharau wazee. Bayeye walijua nyoka wa sehemu yao kuliko afisa yeyote wa serikali ya wakati ule. Walifundisha vijana kwa wimbo na kwa picha, na waliondoa nyoka manyumbani bila bunduki. Kwetu pia, kila kijiji kina mtu anayeitwa nyoka akionekana. Mtu huyo anafaa sana. Anaweza kuwaambia muuguzi na familia ni nyoka gani, anaweza kumutuliza mgonjwa, na watu wanamusikiliza kuliko wanavyosikiliza radio.

Tunachomuomba ni kimoja: mtu akilumwa, mzee awe wa kwanza kusema apelekwe hospitali, na ikiwezekana amusindikize. Mwenye kujua nyoka kweli anajua pia wapi ujuzi wake unaishia.